Historia ya Usalama Kazini katika Viwanda vya Vyakula, na Faida Yake kwa Chama

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, Bodi imeagiza kila idara iandike sura moja ya kitabu hiki cha ukumbusho. Wenzetu wameandika habari za mauzo, za mikopo na za pembejeo. Sisi wa Ofisi ya Katibu tumepewa jambo ambalo wanachama wengi huliona kavu, nalo ni sheria za usalama mahali pa kazi, hasa katika viwanda vya kutengeneza vyakula.

Jambo hili limeletwa na swali lililoulizwa katika mkutano wa wajumbe, wakati tulipokuwa tukipitia makisio ya kiwanda cha kusaga na kufungasha unga wa mahindi ambacho Chama kinakusudia kukijenga hapa Korogwe. Mjumbe mmoja, mzee wa kuheshimiwa sana katika chama chake cha msingi, alilitazama fungu la fedha za vizuizi vya mikanda, mabomba ya kuvuta vumbi, milango ya dharura na mavazi ya kazi. Kisha akauliza vyuma hivyo vitasaga debe ngapi za mahindi kwa siku. Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Fedha hizo ni za wakulima wa Korogwe na Handeni, wamezipata kwa jembe, na mwenye mali hana budi kuuliza inakwenda wapi. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa maneno mawili, nasi tumeona afadhali tulijibu kwa njia ya historia.

Sisi watu wa Korogwe tulikutana na mashine kubwa kabla ya wenzetu wengi wa bara. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, huko Marekani. Yasemekana iliyoagizwa ilikuwa 1,000, lakini iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Haikupita miaka mingi, bonde lote la mto Pangani na Luengera likajaa mashamba ya mkonge, na kila shamba kubwa likawa na korona yake. Majina ya Magunga, Ngombezi, Hale, Mwelya na Magoma yamekaa vinywani mwetu kwa sababu ya mkonge.

Mkonge si chakula, hilo twalijua. Lakini korona ndiyo shule ya kwanza ya viwanda katika wilaya hii, na mambo yake yafanana mno na ya kinu cha unga. Majani hupangwa juu ya mkanda unaokwenda bila kusimama, yakaingia kwenye pipa lenye visu butu linalozunguka kwa kasi, maji yakamwagwa, nyama ya jani ikaondoka na nyuzi zikabaki. Aliyesimama kando ya mkanda ule alikuwa na kazi moja tu, kupanga majani upesi bila kukosea. Mashine haikujua tofauti ya jani na mkono. Zaidi ya hayo palikuwa na mikanda mirefu ya kuzungushia magurudumu, sakafu iliyolowa maji, na vumbi katika banda la kupigia brashi nyuzi.

Kwa nini wenye mashamba wa zamani hawakujali sana kuweka vizuizi? Wako wasemao ni kwa ukatili wa moyo tu. Sisi twaona sababu kubwa ilikuwa ya hesabu. Wafanyakazi walikuwa manamba, walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha, iliyoitwa SILABU. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha siku 30, na siku ambayo hakufanya kazi haikuandikwa. Basi mtu akiumia, kipande kilisimama, na namba nyingine ikaja kwa gari la moshi. Mradi mtu ni rahisi kupatikana, kizuizi cha chuma kitaonekana ghali. Bei ya mtu ilipoanza kupanda, kwa sheria, kwa vyama vya wafanyakazi na kwa migomo kama ule mkubwa wa Mazinde wa mwaka 1958, hesabu ile nayo ikaanza kubadilika.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Uingereza, ambako viwanda vilitangulia, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1833 na kuweka wakaguzi wanne tu kwa nchi nzima. Mwaka 1844 sheria nyingine ikaamuru baadhi ya sehemu za mashine zizungushiwe ua. Wenye viwanda walipiga kelele kwamba biashara itakufa, na mwaka 1855 wakaunda chama chao kupinga amri ya kukinga vyuma vinavyozunguka. Mwaka uliofuata wakafaulu kuilegeza. Hata hivyo biashara haikufa. Nchi ile ile iliyokuwa na wakaguzi ndiyo iliyoendelea kuuza nguo dunia nzima.

Wadachi walichukua njia nyingine, nayo itawapendeza wanaushirika. Mwaka 1884, chini ya Bismarck, walitunga sheria ya bima ya ajali kazini. Waajiri wa kila kazi walilazimishwa kuingia katika chama kimoja, kila mmoja akachangia kwa kadiri ya hatari ya kazi yake, na mtu akiumia hulipwa kutoka katika mfuko wa wote. Matokeo yake ni kwamba kila mwajiri alianza kuitazama mashine ya jirani yake. Ukiacha mkanda wazi, mimi nitalipa! Kwa hiyo vyama hivyo vikajitungia kanuni za kuzuia ajali na kuajiri wakaguzi wao wenyewe. Reli ya Wadachi ilipofika Korogwe, sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka 18 huko kwao, lakini kibarua wa hapa hakuwa na sauti ndani yake.

Katika Tanganyika, Sheria ya Viwanda ilitungwa mwaka 1950, ikawekwa katika vitabu kama Sura ya 297. Ilifuata mfano wa Uingereza: kiwanda kiandikishwe, sehemu za hatari za mashine zikingwe, majiko ya mvuke yakaguliwe, pawepo maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza, na ajali ziarifiwe kwa Mkaguzi. Palikuwa pia na sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Sheria hizo mbili zilidumu muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Ile ya fidia ilizeeka hata kiwango chake cha juu kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kikabaki Shs. 108,000, fedha ambazo katika miaka ya mwisho hazikutosha hata kumlisha mtu nusu mwaka. Sheria ikiwa na adhabu ndogo namna hiyo, mwenye kiwanda huona ni nafuu kulipa mkono kuliko kuukinga.

Sasa twaingia katika vyakula vyenyewe, na hapa twaomba msomaji atusindikize mbali kidogo, kwa kuwa mfano mkubwa wa kinu cha unga uko Marekani.

Katika mji wa Minneapolis palikuwa na kinu kikubwa mno cha ngano, mali ya Bwana Cadwallader Washburn, aliyepata kuwa gavana wa jimbo la Wisconsin. Tarehe 2 Mei, 1878, wakati wa jioni, kinu kile kililipuka. Hakikuwa na baruti wala petroli. Kilicholipuka ni unga. Vumbi lake lilikuwa limejaa hewani ndani ya jengo, cheche ikatoka kwenye mawe ya kusagia, na kufumba na kufumbua jengo likaruka pamoja na vinu vya jirani. Watu 18 walikufa. Lau ingalitokea saa moja kabla, wangalikufa wengi zaidi, kwani watu wa zamu ya mchana walikuwa wamekwisha kwenda zao. Theluthi nzima ya uwezo wa kusaga wa mji ule ilipotea usiku mmoja.

Wengi wetu tumezoea kuona vumbi la unga kama jambo la kuchafua nywele tu. Lakini unga uliotanda hewani, ukiwa mwingi wa kutosha, huwaka kwa ghafula kwa sababu kila chembe imezungukwa na hewa. Habari hii si ngeni. Mlipuko wa namna hiyo uliandikwa tangu mwaka 1785 katika ghala la mwoka mikate huko Turin, Italia, na mwaka 2008 vumbi la sukari lililipua kiwanda katika jimbo la Georgia, Marekani, likaua watu 14.

Turudi kwa Bwana Washburn. Aliamua kujenga upya, na safari hii akaweka mitambo ya kuvuta vumbi lisitande hewani. Kinu kipya kilimalizika mwaka 1880, nacho kikawa kikubwa kuliko kile cha kwanza. Mwaka huo huo unga wake ulipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya wasagaji huko Cincinnati, na toka hapo ukauzwa kwa jina la nishani ile, jina ambalo lipo madukani hata leo. Hatusemi kwamba nishani ililetwa na mabomba ya vumbi, la. Ililetwa na ubora wa usagaji. Tunachosema ni kwamba mabomba hayakumzuia kuipata. Na vumbi lile lililokuwa likipotea na kuua lilianza kukusanywa, likapimwa na kuuzwa. Mzee wetu aliyeuliza juu ya debe tungependa aliangalie jambo hili, kwani vumbi linaloelea kinuni ni mahindi yake.

Mfano wa pili hauna nishani. Katika mji mdogo uitwao Hamlet, jimbo la North Carolina, palikuwa na kiwanda cha kukaanga vipande vya kuku. Tarehe 3 Septemba, 1991, mpira wa mafuta ya mashine ulipasuka karibu na jiko la kukaangia, moto ukawaka, na moshi ukajaa. Watu walikimbilia milangoni wakaikuta imefungwa kwa kufuli. Wafanyakazi 25 walikufa, na wengine zaidi ya 50 waliumia. Milango ilifungwa kwa nini? Mwenye kiwanda alikuwa akiogopa kuibiwa kuku.

Wanachama wenzetu, hapo twaomba kila mmoja asimame kidogo na kulifikiri ghala la chama chake cha msingi. Ni maghala mangapi ambayo mlango wa nyuma umepigiliwa misumari ili magunia yasitoke usiku? Hofu ya wizi si ya kudharauliwa. Mali ya ushirika imeibwa sana katika historia ya nchi hii. Lakini pima. Kiwanda cha Hamlet kilikuwa kimefanya kazi miaka 11 bila kukaguliwa hata mara moja na wakaguzi wa usalama. Baada ya moto, serikali ilikitoza faini ya zaidi ya dola 800,000, mwenyewe akahukumiwa kifungo cha karibu miaka 20, na kiwanda hakikufunguliwa tena. Watu zaidi ya 200 walikosa kazi. Ni kuku wangapi wangaliibwa hata kufikia hasara hiyo? Mlango unaofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani na usiofunguka kutoka nje huzuia mwizi wala hauzuii mfanyakazi, na fundi wa kuutengeneza yupo hapa hapa mjini.

Wapo watakaosema hayo ni ya Marekani. Haya, tuje Mwanza.

Katika miaka ya 1990 viwanda vya kuchakata sangara vilisimama pande zote za Ziwa Viktoria, Mwanza na Musoma kwetu, Kisumu huko Kenya, Jinja huko Uganda, na minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Biashara ilikua upesi kuliko uangalizi wake. Mwaka 1997 vijidudu vya maradhi vilionekana katika minofu, na mwisho wa mwaka huo, kwa ajili ya kipindupindu, Umoja wa Ulaya ukaweka marufuku iliyodumu mpaka katikati ya 1998. Mwaka 1999 ikaja nyingine, kwa sababu ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu. Viwanda vilipunguza kazi, vingine vikafunga milango, na mvuvi wa mtumbwi, ambaye hakupata kuiona Ulaya hata katika picha, akaona bei ya sangara ikianguka mwaloni.

Walitokaje katika shida ile? Hawakutoka kwa kulalamika kwamba Wazungu wana wivu, ingawa maneno hayo yalisemwa. Walitoka kwa kukubali ukaguzi na kuufanya wa kweli. Serikali zilipanga upya idara zao ili pawe na mamlaka moja inayowajibika. Viwanda vikajenga upya sakafu na mifereji, vikaweka mabeseni ya kunawia mikono na madimbwi ya dawa ya kukanyagia milangoni, vikawapa watu buti, aproni na glavu, na mtu mwenye homa ya tumbo au kidonda mkononi hakuruhusiwa kushika kisu siku hiyo. Tanzania ilirudi sokoni mwanzoni mwa mwaka 2000, Uganda katikati ya mwaka huo, na Kenya mwishoni. Nchi iliyokamilisha mapema iliuza mapema, na kila mwezi mmoja ulikuwa na thamani yake katika fedha za kigeni.

Katika habari hii tumejifunza jambo ambalo hatukulitarajia tulipoanza kuandika. Tulidhani usalama wa mfanyakazi na usafi wa chakula ni mambo mawili, yenye wakaguzi wawili na gharama mbili. Katika kiwanda cha vyakula mara nyingi ni jambo moja. Glavu inayokinga mkono usikatwe ndiyo inayokinga mnofu usipate damu. Sakafu isiyoteleza haina maji yaliyotuama, na palipo pakavu vijidudu havizai. Kinga ya mkanda huzuia kitambaa cha mtu kisivutwe, lakini huzuia pia mafuta machafu yasirukie unga.

Kwa upande wa mahindi hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Tarehe 5 Machi, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, na ilipofungua mlango siku chache baadaye ilidai kila shehena iwe na cheti kwamba kiwango chake hakizidi sehemu 10 katika bilioni. Mkulima wa Handeni anayetegemea lori la kwenda mpakani alijua maana ya siku hizo chache. Ukungu huo huo wa mahindi, ukipeperuka kama vumbi ndani ya kinu kisicho na hewa, hudhuru mapafu ya msagaji kabla haujamfikia mlaji. Kwa hiyo bomba la kuvuta vumbi, ambalo lilikuwa la kwanza kupendekezwa likatwe katika makisio, linamkinga mfanyakazi, linalikinga jengo, na linausaidia unga kupita mbele ya mkaguzi.

Sheria zetu wenyewe nazo zimekwenda hivyo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, uliundwa mwaka 2001. Mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1950, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi. Tangu 2019 uangalizi wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS. Sheria ya 2003 haikusimama kwenye mashine peke yake. Inadai pia afya ya mfanyakazi ipimwe anapoajiriwa, anapoendelea na kazi na anapoondoka. Kisha ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Atazamaye vizuri ataona ni ile fikira ya mwaka 1884, kwamba wote wachangie na aliyeumia alipwe kutoka kwa wote. Mwajiri binafsi alianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na mwaka uliofuata hadi 0.5.

Kiwanda kinacholipa mishahara ya Shs. 4,000,000 kwa mwezi kwa mchango wa 0.5 kitalipa Shs. 20,000. Mfanyakazi akiumia, Mfuko hugharimia matibabu na kumlipa asilimia 70 ya mshahara wakati hawezi kufanya kazi, na akifa wategemezi wake hulipwa. Bila hayo, Chama ndicho kingalitolewa jasho mahakamani. Na jambo la kufurahisha kwa majirani wa milimani ni kwamba Mfuko huo wa fidia, pamoja na ule wa pensheni wa PSSSF, ndio uliotia fedha kukifufua kiwanda cha chai cha Mponde, ambacho kilikuwa kimefungwa miaka mingi huku wakulima wakiacha majani shambani.

Hatutaki kuonekana kama tunatetea kila karatasi ya serikali. Wenye vinu vidogo wamesumbuliwa kweli. Ilifika wakati mtu mwenye mashine moja ya kukoboa alitembelewa na wakaguzi wa idara nyingi, kila mmoja na stakabadhi yake, na mwisho hakubaki na fedha ya kununua hata hicho kizuizi alichoamriwa. Serikali yenyewe ililiona hilo, ikafuta tozo kadhaa za OSHA, pamoja na ada ya kusajili mahali pa kazi. Pia tumeona mahali, si katika wilaya hizi tu, ambapo kizima moto kimetundikwa ukutani kwa ajili ya mkaguzi, nacho kitupu, na ufunguo wa sanduku la dawa umekwenda nyumbani na msimamizi. Usalama wa namna hiyo ni gharama tupu. Mzee wetu akiukataa tutaungana naye.

Lakini ukaguzi wa kweli umepimwa. Mabwana David Levine, Michael Toffel na Matthew Johnson walichunguza viwanda vya California ambavyo wakaguzi wa usalama walivitembelea kwa kura, bila kuchagua, wakavilinganisha na vingine vya aina hiyo ambavyo havikutembelewa. Habari yao ilitolewa katika jarida la Science mwaka 2012. Katika vile vilivyokaguliwa majeraha yalipungua kwa asilimia 9.4, na gharama za majeraha kwa asilimia 26. Walitafuta pia kama ukaguzi uliua ajira, mauzo au uhai wa kampuni, wasione dalili. Mazingira ya kule si ya huku, na viwanda vile ni vya kazi za hatari zaidi kuliko kinu chetu. Hata hivyo kura ni kura, na sisi wanaushirika twajua uzito wake.

Basi debe ngapi? Tuchukue mfano wa kukadiria tu, usio wa kiwanda chochote kilichopo. Kinu kinasaga magunia 60 kwa siku na kila gunia huacha faida ya Shs. 3,000. Mkono wa mtu ukivutwa na mkanda, kinu husimama. Msagaji hodari yuko hospitalini, wenzake wameingiwa na hofu, mkaguzi anakuja, mkanda na gurudumu vinatengenezwa. Tuseme siku 10. Hayo ni magunia 600 yasiyosagwa, na faida ya Shs. 1,800,000 iliyopotea, bila kuhesabu mteja aliyepeleka mahindi yake kwa mwingine asirudi. Kizuizi cha wavu na vyuma kilichochomewa na fundi tukikadirie Shs. 300,000. Kinarudisha gharama yake mara sita kwa kuzuia ajali moja tu, na hukaa miaka. Kwa hesabu hiyo vyuma visivyosaga vimesaga magunia 600. Mkono wenyewe hatukuutia katika hesabu, maana hatukujua tuuandike kwa bei gani.

Makisio ya kiwanda yamerekebishwa baada ya mkutano ule. Fungu la usalama halikupunguzwa, ila limegawanywa ili kila mjumbe aone ni nini cha vizuizi, nini cha bomba la vumbi, nini cha milango miwili inayosukumwa kutoka ndani, na nini cha mavazi na vipimo vya afya. Mafundi watatu wa Korogwe wameombwa kuleta bei zao kwa maandishi. Karatasi hizo zipo Ofisi ya Katibu na zaweza kusomwa na mwanachama yeyote siku za kazi. Mahindi yamebaki kuwa mapana kuliko mfuko wetu, kwa hiyo Bodi italeta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo mawili: kujenga kinu kamili cha magunia 60 pamoja na fungu lote la usalama kwa mkopo, au kuanza na kinu cha nusu ya ukubwa huo, pamoja na fungu lake la usalama, kwa fedha zetu wenyewe. Pendekezo la tatu, la kinu kikubwa bila vizuizi, lililotajwa na baadhi ya wajumbe, halikuandikwa katika ajenda, kwa kuwa kiwanda cha namna hiyo kisingepata cheti cha kukidhi matakwa ya usalama, na unga wake usingekuwa na soko halali la kuuzwa.